Ernst Krenkel

Ernst Teodorovich Krenkel (Białystok, 24 Desemba 1903 – Moscow, 8 Desemba 1971) alikuwa opereta wa redio, mpelelezi wa Aktiki na mwanaredio wa ridhaa kutoka Umoja wa Kisovyeti. Anakumbukwa hasa kwa mambo mawili: kudumisha mawasiliano ya watu 104 waliokwama juu ya barafu baada ya meli Chelyuskin kuzama mwaka 1934, na kuendesha redio ya kituo cha kwanza cha utafiti kilichoelea juu ya barafu kutoka Ncha ya Kaskazini, mwaka 1937 hadi 1938. Mwaka 1938 alipewa cheo cha Shujaa wa Umoja wa Kisovyeti.

Katika matukio yote mawili hapakuwa na umeme wa kuunganishwa na mtambo wake. Redio ilitegemea betri za kuchajiwa, na betri zilitegemea upepo, petroli au mikono ya watu. Ndiyo maana wanaredio wa ridhaa, yaani watu wenye leseni ya kutumia redio kwa kujifunza na kujiburudisha bila malipo, bado wanamhesabu kama mmoja wa walimu wao wakubwa kila wanapozungumzia mitambo ya kubebwa.

Maisha ya awali

Krenkel alizaliwa Białystok, mji uliokuwa wakati huo ndani ya Dola la Urusi na leo uko Poland. Familia yake ilikuwa na asili ya Kijerumani, na baba yake alikuwa mwalimu. Mwaka 1910 walihamia Moscow. Vita Kuu ya Kwanza na mapinduzi ya 1917 viliharibu maisha ya familia nyingi za aina hiyo, na kijana Ernst alilazimika kufanya vibarua vya kila namna ili kusaidia nyumbani.

Mwaka 1921 alijiunga na kozi ya opereta wa telegrafu ya redio, akafanya vizuri sana na kuajiriwa katika kituo cha kupokea mawasiliano cha Lyubertsy karibu na Moscow. Kazi ilikuwa kusikiliza nukta na mistari ya Morse kutoka nchi za nje na kuiandika kwa haraka. Lakini alitamani bahari. Mwaka 1924 alisafiri kwenda Leningrad kutafuta nafasi melini, akapata badala yake kazi ambayo wengi waliikwepa: kukaa mwaka mzima katika kituo cha Matochkin Shar, kwenye mlangobahari unaotenganisha visiwa viwili vikubwa vya Novaya Zemlya. Huko usiku wa majira ya baridi unadumu kwa miezi.

Alirudi mwaka 1925, akatumikia jeshi katika kikosi cha redio, kisha mwaka 1927 akaenda tena Matochkin Shar kwa mwaka mwingine.

Mawimbi mafupi

Ili kuelewa kazi yake inafaa kujua hali ya redio ya wakati ule. Vituo vya Aktiki vilitumia mawimbi marefu. Mawimbi hayo yalihitaji milingoti mirefu na mitambo mizito yenye injini ya kuzalisha umeme mwingi. Mtambo wa namna hiyo haubebwi mgongoni wala kwenye sleji. Mawimbi mafupi yalionekana hayana faida, hata serikali za nchi mbalimbali ziliwaachia wanaredio wa ridhaa wayachezee. Wanaredio hao ndio waliogundua kwamba mtambo mdogo wa mawimbi mafupi unaweza kufika mbali kuliko mtambo mkubwa wa mawimbi marefu. Mwaka 1923 waliwasiliana kuvuka Atlantiki, na Januari 1925 Fyodor Lbov wa Nizhny Novgorod akawa mwanaredio wa ridhaa wa kwanza wa Kisovyeti kusikika nje ya nchi yake.

Sababu iko juu angani. Tabaka la hewa liitwalo ionosfia hurudisha mawimbi mafupi kuelekea ardhini, nayo huruka tena na tena kati ya anga na dunia. Kwa hiyo nguvu kidogo, hata ya wati chache kutoka kwenye betri, inaweza kuvuka mabara hali ikiwa nzuri.

Krenkel alilielewa jambo hili mapema. Katika safari yake ya pili Matochkin Shar alichukua vifaa vya mawimbi mafupi, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kuyatumia katika Aktiki ya Kisovyeti. Mwaka uliofuata, 1928, dunia nzima ilipata ushahidi wa thamani yake. Ndegeputo ya Italia iliyoongozwa na Umberto Nobile ilianguka juu ya barafu karibu na Spitsbergen. Manusura walikuwa na mtambo mdogo wa mawimbi mafupi uliotumia betri, na mtu wa kwanza kusikia wito wao tarehe 3 Juni alikuwa Nikolai Schmidt, mwanaredio wa ridhaa katika kijiji cha ndani kabisa cha Urusi.

Mawasiliano kati ya ncha mbili

Mwaka 1929 Krenkel alikwenda kwenye funguvisiwa la Franz Josef pamoja na msafara wa Otto Schmidt uliosafiri kwa meli ya kuvunja barafu Georgy Sedov. Kituo kilijengwa kwenye ghuba ya Tikhaya, katika kisiwa cha Hooker. Kilikuwa wakati huo kituo cha redio cha kaskazini kuliko vyote duniani.

Tarehe 12 Januari 1930 Krenkel alituma wito wa jumla, ule ambao opereta hutuma bila kujua nani atajibu. Aliyejibu alikuwa opereta wa msafara wa Mmarekani Richard Byrd, akiwa kambini Little America katika Antaktiki. Umbali ulikuwa takriban km 20,000, na haiwezekani kwenda mbali zaidi ya hapo sana bila kuanza kurudi upande wa pili wa dunia. Kwa Krenkel ilikuwa giza la usiku wa miezi, kwa wenzake wa kusini jua halikutua. Mawasiliano hayo yalihesabiwa kuwa rekodi ya dunia ya mawimbi mafupi.

Mwaka 1931 alichaguliwa kuwa mmoja wa Wasovyeti wanne katika safari ya Aktiki ya ndegeputo ya Kijerumani Graf Zeppelin, iliyoongozwa na Hugo Eckener. Ilipotua juu ya maji ya ghuba ya Tikhaya ilikutana na meli Malygin, ambamo alikuwemo Ivan Papanin, mtu atakayekuwa mkuu wake miaka sita baadaye. Mwaka 1932 alikuwa opereta wa meli Alexander Sibiryakov, ya kwanza kupita njia yote ya bahari ya kaskazini katika msimu mmoja.

Kuzama kwa Chelyuskin

Baada ya mafanikio ya Sibiryakov, Otto Schmidt alitaka kuonyesha kwamba hata meli ya mizigo ya kawaida inaweza kupita njia ileile. Uamuzi huo ulikuwa wa kijasiri kupita kiasi. Chelyuskin iliondoka Leningrad Julai 1933 chini ya nahodha Vladimir Voronin, ikiwa na abiria wakiwemo wanawake na watoto. Mtoto mmoja, msichana, alizaliwa safarini katika Bahari ya Kara. Meli ilifika karibu kabisa na njia ya kutokea Pasifiki, kisha barafu ikaibana na kuirudisha nyuma.

Tarehe 13 Februari 1934 barafu ilipasua ubavu wa meli katika Bahari ya Chukchi. Mtu mmoja alikufa wakati wa kuondoka. Wengine 104 walibaki juu ya barafu pamoja na mahema, chakula, mbao na vifaa vya redio vilivyookolewa kabla meli haijazama.

Kazi ya kwanza ya Krenkel usiku ule ilikuwa kusimamisha antena katika upepo na baridi kali, kufunga nyaya kwa vidole visivyohisi kitu, na kuweka mtambo ndani ya hema. Kupokea ni rahisi kuliko kutuma, kwani mtambo wa kupokea hutumia umeme kidogo. Alianza kusikia vituo vya pwani kabla ya wao kumsikia. Kesho yake aliupata mji mdogo wa Uelen kwenye ncha ya Chukotka, na habari ya ajali ikafika Moscow.

Kuanzia hapo maisha ya kambi yalifuata saa za redio. Betri zilizookolewa zilikuwa na kiasi fulani tu cha umeme. Kila ujumbe ulipaswa kufupishwa, kila mazungumzo na Uelen kupangiwa muda. Mawasiliano ya Morse yalisaidia hapa, kwa sababu mtambo hula umeme mwingi pale tu opereta anapobonyeza kitufe. Kati ya nukta na nukta hupumzika. Mtambo wa sauti haupumziki hivyo. Joto pia lilikuwa na thamani, kwa kuwa betri iliyopoa hutoa sehemu tu ya umeme wake, na hema la redio lilikuwa mahali palipopashwa moto kwa uangalifu kuliko pengine.

Ndege hazikuweza kufika bila taarifa za hali ya hewa na za uwanja wa barafu ambao ulipasuka na kulimwa upya mara kwa mara. Taarifa hizo zote zilipita mikononi mwa Krenkel. Tarehe 5 Machi rubani Anatoly Lyapidevsky alitua na kuchukua wanawake na watoto. Wengine walisubiri hadi Aprili. Schmidt mwenyewe aliugua na kupelekwa Alaska kwa matibabu. Krenkel alikuwa miongoni mwa watu sita wa mwisho walioondoka tarehe 13 Aprili 1934, kwani redio haikuweza kufungwa kabla ya ndege ya mwisho kuonekana. Alipomaliza alituma mara ya mwisho alama ya mwito ya meli iliyozama: RAEM.

Kituo juu ya barafu

Baada ya Chelyuskin alihudumu tena kaskazini, katika visiwa vya Severnaya Zemlya, mwaka 1935 na 1936. Kisha akaitwa kwa kazi kubwa kuliko zote.

Mpango ulikuwa kuwapeleka watu wanne kwa ndege hadi Ncha ya Kaskazini na kuwaacha juu ya bamba la barafu lielee nao popote maji yatakapowapeleka. Mkuu alikuwa Ivan Papanin. Pyotr Shirshov alichunguza bahari na viumbe wake, Evgeny Fyodorov alipima usumaku na hali ya hewa, na Krenkel alikuwa redio. Kulikuwa pia na mbwa aliyeitwa Vesyoly. Hakuna meli ambayo ingeweza kuwafikia kwa miezi mingi, na kituo kilichokuwa karibu, katika kisiwa cha Rudolf, kilikuwa km 900 hivi.

Mitambo ilitengenezwa katika maabara ya Leningrad chini ya macho ya Krenkel mwenyewe. Kulikuwa na mtambo mkuu wa wati 80 na wa dharura wa wati 20. Wati 80 ni nguvu ya balbu moja ya kawaida ya zamani. Vifaa vyote vya redio, pamoja na antena na vipuri, vilibanwa ndani ya nusu tani, kwa kuwa kila kilo ilihesabiwa na marubani.

Swali gumu lilikuwa chanzo cha umeme. Jenereta ya petroli pekee isingefaa, maana petroli ya mwaka mzima ni mzigo mkubwa na injini hukataa kuwaka kwenye baridi. Betri kavu, zile zinazotupwa zikiisha, zingehitaji kubebwa kwa mamia. Jibu lilikuwa betri za kuchajiwa, seti mbili, ili moja itumike wakati nyingine inajazwa. Zilijazwa na kinu kidogo cha upepo kilichosimamishwa karibu na hema. Injini ndogo ya petroli iliwekwa kwa ajili ya siku mbaya. Na kwa siku mbaya zaidi kulikuwa na dainamo ya kuzungushwa kwa nguvu za mtu.

Betri zenyewe hazikuwa za risasi na asidi kama zile za magari. Zilikuwa za nikeli, zenye maji ya alikali ndani yake. Familia hii ya betri ilibuniwa na Msweden Waldemar Jungner mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1899 alitengeneza betri ya nikeli na kadimi. Kila chumba cha betri ya nikeli hutoa takriban volti 1.2, wakati kile cha risasi hutoa volti 2, kwa hiyo vyumba vingi zaidi vinahitajika. Hasara hiyo inalipwa na uvumilivu. Betri ya risasi inapoishiwa, asidi yake hugeuka kuwa karibu maji matupu, nayo huganda na kupasua chombo. Katika betri ya alikali maji ya ndani hayabadiliki sana, iwe imejaa au imeisha. Pia inastahimili kutikiswa, kusahaulika na kumalizwa kabisa, mambo ambayo betri ya risasi haisamehe. Juu ya barafu tofauti hiyo ndiyo iliyoamua kama kuna redio au hakuna.

Tarehe 21 Mei 1937 ndege ya Mikhail Vodopyanov ilitua kilomita chache kupita Ncha, ikiwa na Schmidt, Papanin na Krenkel. Mtambo wa ndege uliharibika wakati ule ule wa kutoa taarifa ya kutua, na dunia ikabaki kimya bila kujua kama wamefika au wameangamia. Krenkel alilazimika kufungua masanduku, kusimamisha antena na kuwasha mtambo wake mwenyewe. Ilichukua saa nyingi kabla kisiwa cha Rudolf hakijamsikia. Ndege nyingine tatu zilifuata siku zilizofuata na kuleta mizigo. Tarehe 6 Juni ndege zote ziliondoka, na kituo kikafunguliwa rasmi kwa alama ya mwito UPOL.

Ratiba haikuwa na siku ya mapumziko. Mara nne kwa siku vipimo vya hali ya hewa vilitumwa kisiwa cha Rudolf na kutoka hapo bara. Shirshov alipima kina cha bahari karibu na Ncha na kupata mita 4,290, kipimo cha kwanza cha aina yake. Namba hiyo nayo ilisafiri kwa umeme wa kinu cha upepo. Mwezi Juni Valery Chkalov aliruka kutoka Moscow hadi Marekani kupitia Aktiki, na Julai Mikhail Gromov akafuata. Marubani wote wawili walitegemea taarifa za hewa za UPOL. Agosti ndege ya Sigizmund Levanevsky yenye watu sita ilipotea baada ya kupita Ncha. Krenkel alikaa na vidude vya masikio akisikiliza siku baada ya siku. Hakuna kilichosikika, na ndege hiyo haijapatikana hadi leo.

Ni rahisi kusahau jinsi upepo ulivyotawala maisha hayo. Upepo ulipovuma, kinu kilizunguka na betri zikajaa, na Krenkel aliweza hata kutumia saa za usiku kuzungumza na wanaredio wa ridhaa wa nchi mbalimbali, ambao wengi wao hawakuamini kwanza kwamba wanajibiwa kutoka Ncha ya Kaskazini. Upepo ulipotulia, mazungumzo hayo yalikoma, na watu walizungusha dainamo kwa zamu ili taarifa ya hali ya hewa isikosekane. Kuzungusha dainamo ndani ya nguo nzito za manyoya ni kazi ya kuchosha, na umeme unaopatikana ni mdogo. Kwa hiyo kimbunga, ambacho kwa mtu wa hema ni adui, kwa opereta kilikuwa pia hazina. Alichotakiwa kufanya ni kuhakikisha mapanga ya kinu hayavunjiki.

Oktoba jua lilizama na halikurudi kwa miezi. Wakati huo bamba lilikuwa likielekea kusini kwa kasi kuliko walivyotarajia wataalamu.

Kuvunjika kwa barafu

Januari 1938 bamba liliingia Bahari ya Greenland, ambako mawimbi ya bahari wazi huanza kuifikia barafu. Tarehe 1 Februari, baada ya siku kadhaa za dhoruba, lilipasuka. Bamba lililokuwa na upana wa kilomita kadhaa lilibaki kipande cha mita 300 kwa 200, na nyufa ziliendelea. Maghala mawili yalitengwa upande wa pili wa maji. Papanin aliandika taarifa na Krenkel akaituma, kwa utulivu kama ilivyokuwa taarifa ya hewa ya kila siku.

Redio sasa ilikuwa ndiyo njia pekee ya kuwaonyesha waokoaji mahali walipo, maana kipande kilisogea kila saa. Mitambo ilihamishwa, antena ikasimamishwa upya. Tarehe 6 Februari ndegeputo V-6, iliyokuwa ikijiandaa kwenda kuwaokoa, ilianguka karibu na Kandalaksha na watu 13 kati ya 19 wakafa. Ndipo meli za kuvunja barafu Taimyr na Murman zikabaki tumaini. Zilifika tarehe 19 Februari 1938 karibu na pwani ya Greenland. Kituo kilikuwa kimedumu siku 274 na kuelea zaidi ya km 2,000. Krenkel alituma taarifa ya mwisho na kuzima mtambo ambao betri zake zilikuwa bado zinafanya kazi.

Wote wanne walipokewa Moscow kwa heshima kubwa. Propaganda ya serikali ya Stalin iliwatumia sana, katika miaka ileile ambayo maelfu ya raia walikuwa wakikamatwa, wakiwemo watafiti wa Aktiki. Rudolf Samoylovich, kiongozi wa kisayansi wa safari ya Graf Zeppelin, alikamatwa mwaka 1938 na kuuawa mwaka uliofuata. Sifa za wale wanne hazipunguzwi na hilo, lakini picha ya wakati ule haikamiliki bila kulitaja.

Maisha ya baadaye

Krenkel alipewa shahada ya udaktari wa sayansi za jiografia mwaka 1938. Tayari alikuwa amechaguliwa mbunge wa Sovyeti Kuu, uchaguzi uliofanyika akiwa bado juu ya barafu. Alifanywa naibu mkuu wa idara ya Njia ya Bahari ya Kaskazini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alisimamia vituo vya Aktiki, ambavyo Wajerumani walivishambulia kwa sababu taarifa zao za hali ya hewa zilikuwa na thamani ya kijeshi. Meli yake ya zamani Sibiryakov ilizamishwa Agosti 1942.

Baada ya vita aliondoka katika idara hiyo na kufanya kazi katika viwanda vya redio. Tangu 1951 alikuwa katika taasisi ya utafiti wa vifaa vya kupimia hali ya hewa, na tangu 1969 aliiongoza. Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 64, aliongoza safari ya meli ya utafiti Professor Zubov kwenda Antaktiki. Hivyo aliiona ile nchi ambayo aliwahi kuisikia tu miaka 38 kabla.

Alifariki Moscow tarehe 8 Desemba 1971 na kuzikwa katika makaburi ya Novodevichy. Kitabu chake cha kumbukumbu, ambacho jina lake linatumia alama RAEM, kilichapishwa baada ya kifo chake.

RAEM na redio ya ridhaa

Kwa kawaida alama ya mwito ya mwanaredio wa ridhaa ina herufi na tarakimu, ili mtu ajue nchi na eneo. RAEM haina tarakimu, kwa kuwa ilikuwa alama ya meli. Serikali ilimpa Krenkel alama hiyo kuwa yake binafsi, nayo ikasikika kwa miaka mingi kutoka nyumbani kwake Moscow. Mtu yeyote aliyeisikia alijua ni nani anayeita. Alikuwa pia mwenyekiti wa shirikisho la mchezo wa redio la Umoja wa Kisovyeti, na mwenyekiti wa jumuiya ya wakusanya stempu. Mwaka 1973 sura yake ilichapishwa kwenye stempu.

Mitambo ya leo ya kubebwa ina betri ndani ya sanduku lake. Kwa miongo mingi zilikuwa za nikeli na kadimi, aina ileile ya Jungner ikiwa imefungwa isivuje; baadaye zikaja za nikeli na haidridi, kisha za lithi ambazo ni nyepesi zaidi lakini hazipendi kuchajiwa zikiwa chini ya kiwango cha kuganda maji. Mtu anayepanda mlimani na redio kama hiyo bado anakabiliwa na hesabu ya Krenkel: kusikiliza ni nafuu, kutuma ni ghali, Morse hufika mbali kwa umeme kidogo, na betri hutunzwa karibu na mwili ili isipoe.

Klabu kuu ya redio ya Moscow ilipewa jina lake. Kituo cha utafiti katika kisiwa cha Hayes, kwenye funguvisiwa la Franz Josef, pia kina jina lake, na vilevile ghuba moja katika kisiwa cha Komsomolets. Kila Desemba wanaredio wa ridhaa wa Urusi na nchi nyingine hushindana katika mashindano ya Morse yaitwayo RAEM.